Maswali Yenu, Majibu Yetu: Je, Watu Wamezidi Duniani?

Katika toleo lililopita tuliandika kwa kifupi kwamba Umoja wa Mataifa unakadiria watu duniani watafika bilioni 10.3 kabla karne hii haijaisha. Barua zilizokuja zimegawanyika vikali. Wako wanaoona tunaelekea kukanyagana, na wako wanaoona hizo ni njama za wakubwa ili tusizae. Tumechagua saba zilizouliza jambo linalojibika kwa hesabu.

Mhariri, wanafunzi wangu wa kidato cha nne wamegawanyika. Nusu wanasema dunia imejaa, nusu wanasema Tanzania ina mapori tele, watu wazae tu. Nani yuko sahihi? Na Malthus tunayemfundisha bado ana kazi? *Mwalimu wa Jiografia, Morogoro*

Mwalimu, pande zote mbili zimeshika kipimo kisichofaa. Zote zinapima nafasi, yaani watu wangapi wameenea juu ya ardhi. Kinachoelemea nchi ni kasi: watu wanaongezeka upesi kiasi gani ukilinganisha na upesi wa kujenga, kulima na kuajiri.

Chukua Rwanda na Uholanzi. Kila moja ina watu zaidi ya 500 kwa kilomita moja ya mraba. Uholanzi ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza nje mazao ya kilimo na mifugo. Rwanda, kaya nyingi zinategemea vipande vya shamba ambavyo vikijumlishwa havifiki hekta moja. Msongamano ni uleule, maisha ni tofauti kabisa. Tanzania ina kama watu 70 tu kwa kilomita ya mraba, na bado kuna wilaya ambazo wakulima na wafugaji wanauana kwa sababu ya ardhi. Hayo mapori tele nayo yatazamwe vizuri: zaidi ya robo ya nchi ni hifadhi, na sehemu kubwa ya iliyobaki haina mvua ya uhakika au ina mbung'o.

Sasa kasi. Kwa dunia nzima, kasi inapungua na imekuwa ikipungua kwa zaidi ya nusu karne. Miaka ya 1960 watu waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Leo haifiki asilimia 1. Wakati ule mwanamke alizaa wastani wa watoto 5. Leo ni 2 na kidogo. Bilioni 3 zilitimia mwaka 1960, bilioni 8 zilitangazwa tarehe 15 Novemba 2022, na makadirio ya mwaka 2024 yanaonyesha kilele kitafikiwa miaka ya 2080, kisha idadi ianze kushuka polepole. Anayesema dunia nzima inafurika bila kikomo anasoma takwimu za wakati wa babu yake.

Lakini Tanzania haiko kwenye wastani huo. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3. Ya 2012 ilihesabu milioni 44.9, na ya 2022 ikapata 61,741,120. Hiyo ni asilimia 3.2 kwa mwaka, mwendo ambao hufanya watu wawe mara mbili ndani ya miaka 22. Umoja wa Mataifa ulipotaja nchi 8 zitakazochangia zaidi ya nusu ya ongezeko la dunia mpaka 2050, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwamo.

Malthus, mchumi Mwingereza, aliandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka kwa kuzidishana na chakula huongezeka kwa kujumlishwa, hivyo njaa na maradhi vitakuja kusawazisha. Kwa dunia nzima alikosea. Hakuijua mbolea ya viwandani wala mbegu bora. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 watu wameongezeka zaidi ya mara mbili na nusu, lakini nafaka zimeongezeka zaidi ya mara tatu. Hata hivyo, wanafunzi wasimcheke haraka. Hesabu yake ya kuzidishana ni sahihi, na panapokuwa na kasi ya asilimia 3 bila mbolea, bila umwagiliaji na bila viwanda vya kuajiri vijana, inauma mpaka leo. Mfundishe kama mtu aliyeuliza swali zuri akaacha nje ya hesabu uwezo wa binadamu kubadilisha namna ya kulima.

Naomba kuuliza: nikiwa na takwimu za sensa za kata yangu, nitajuaje watu watakuwa mara mbili lini, na hilo lina maana gani kwenye bajeti? *Diwani, Kanda ya Ziwa*

Mheshimiwa diwani, hili ndilo swali lililotufurahisha kuliko yote, maana mjadala wa dunia hauna mahali pa kushika mpaka ushuke kwenye kata.

Tuseme kata ilikuwa na watu 20,000 mwaka 2012 na 28,000 mwaka 2022. Gawa idadi mpya kwa ya zamani: unapata 1.4. Kosa la kawaida linakuja hapa. Wengi husema ongezeko ni asilimia 40 kwa miaka 10, basi ni asilimia 4 kwa mwaka. Sivyo, kwa sababu waliozaliwa au kuhamia mwaka wa kwanza nao wameongeza wenzao miaka iliyofuata. Unatakiwa kupata kipeuo cha kumi. Ukikilaza ubavu kikokotoo cha simu, kwenye simu nyingi alama ya vipeo hujitokeza. Andika 1.4 kwa kipeo cha 0.1. Jibu ni 1.034, yaani asilimia 3.4 kwa mwaka. Kisha tumia kanuni ya 70, inayokadiria miaka ya watu kuwa mara mbili: gawa 70 kwa 3.4, unapata miaka 20 na nusu. Ile njia ya mkato ingekupa miaka 17 na nusu. Umekosea miaka mitatu, na miaka mitatu ni mingi kwa anayepanga shule.

Kabla hujaiamini hesabu yako, kagua mambo mawili. La kwanza ni mipaka. Kata nyingi ziligawanywa kati ya sensa hizo mbili. Kama kata yako ilizaa kata nyingine, jumlisha zote mbili kwenye takwimu za 2022 kabla ya kugawa, la sivyo utaona watu wamepungua kumbe wamebadilishiwa jina la kata. La pili ni uhamiaji. Kata yenye mgodi mpya au stendi mpya hukua kwa vijana wa miaka 20 na kitu, na hao wanahitaji maji, vyoo na barabara mwaka huuhuu. Kata inayokua kwa vizazi inahitaji chanjo leo na madawati baada ya miaka sita. Tazama jedwali la umri: watoto chini ya miaka 5 wakiwa wengi kuliko wa miaka 5 hadi 9, huenda sehemu kubwa ya kasi yako inatokana na uzazi.

Sasa bajeti. Tuseme shule za msingi za kata zina wanafunzi 5,000. Asilimia 3.4 ya hao ni wanafunzi 170 wapya kila mwaka. Kwa kiwango cha wanafunzi 45 kwa chumba, unahitaji vyumba 4 na walimu 4. Kwa dawati la watoto watatu, unahitaji madawati 57. Kwa kiwango cha tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, ukichukua nusu kwa nusu, ni matundu 5 ya wasichana na 4 ya wavulana. Hayo yote ni ya mwaka mmoja, na yanakuacha palepale ulipokuwa: upungufu wa zamani hujaugusa. Mwaka unaofuata unaanza upya, na namba zimeongezeka kidogo.

Kasi ikishuka mpaka asilimia 2, wanafunzi wapya ni 100, vyumba 2 au 3. Tofauti hiyo ya chumba kimoja au viwili kwa mwaka ndiyo inayomwezesha mwenyekiti wa kijiji kuacha kujenga na kuanza kukarabati, kuweka maabara, kulipa mpishi. Ndiyo maana tunasema kasi, wala hatusemi wingi. Kata ya watu 60,000 inayokua polepole huhudumika kwa urahisi kuliko kata ya watu 20,000 inayokimbia.

Sisi Kongo hatujahesabiwa tangu 1984. Wanasema tumevuka milioni 100. Wanajua vipi? *Msomaji, Lubumbashi*

Ndugu yetu, wanakadiria, na una haki ya kuuliza. Njia ya kawaida ni kuanza na watu wa sensa ya mwisho, ambao mwaka 1984 walikuwa kama milioni 30, wakigawanywa kwa umri na jinsia. Kila kundi la umri linasogezwa mbele mwaka kwa mwaka: unaongeza waliozaliwa, unatoa waliokufa, unaongeza waliohamia na kutoa waliohama. Viwango vya uzazi na vifo vinatoka kwenye uchunguzi wa kaya, ambapo wanawake wa maelfu ya nyumba zilizoteuliwa huulizwa kila mtoto waliyemzaa, tarehe yake, na kama yu hai.

Udhaifu wake uko wazi. Kosa dogo kwenye kiwango cha uzazi likirudiwa kwa miaka 40 linakuwa mamilioni. Vita vya mashariki viliua na kuhamisha watu ambao hakuna daftari lililowaandika. Kwa jumla ya nchi, makadirio huweza kuwa karibu na ukweli. Kwa mji mmoja au eneo moja la afya, yanaweza kupotea kabisa. Dalili unaweza kuiona mwenyewe kituoni: ripoti ikisema asilimia 120 ya watoto wamechanjwa, hakuna muujiza hapo. Idadi ya watoto iliyowekwa kwenye mpango ni ndogo kuliko watoto halisi, au wanatoka eneo jirani.

Siku hizi wataalamu huhesabu mapaa kwenye picha za setilaiti, kisha wanatuma watu kwenye mitaa michache iliyoteuliwa kuhesabu wanaolala chini ya kila paa, na wastani huo wanautumia kwa eneo zima. Inasaidia sana kupanga chanjo. Haichukui nafasi ya sensa, kwa sababu paa halisemi umri.

Mzungu anatuambia tupunguze watoto ili kuokoa hali ya hewa, ilhali moshi ni wake. Huu si unafiki? *Msomaji, Mombasa*

Kwenye moshi una haki, na tutaisema bila kuizungusha. Mmarekani mmoja kwa wastani hutoa kama tani 14 za hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, makaa ya mawe na gesi. Mkenya hafiki nusu tani. Mtanzania ni kama robo tani. Mmarekani mmoja, basi, ni sawa na Watanzania zaidi ya 50. Ukichukua kijiji kizima cha Tanzania ukakiondoa duniani, hali ya hewa haitajua. Anayetumia tabianchi kama hoja ya kumzuia mama wa Kwale asizae anamtupia mzigo usio wake.

Kuna na sababu nyingine ya kuwa macho. India, wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, serikali iliwafunga uzazi watu zaidi ya milioni 6 kwa mwaka mmoja, wengi wao wanaume maskini, kwa vitisho vya kunyimwa ardhi, mshahara au mkopo. Serikali hiyo iliangushwa kwenye uchaguzi wa 1977, na uzazi wa mpango ukachukiwa kwa miaka mingi baadaye. China iliweka sheria ya mtoto mmoja karibu mwaka 1980 na haikuiondoa mpaka 2015. Familia zilizotaka mvulana zilitoa mimba za wasichana, na sasa kuna mamilioni ya wanaume ambao hakuna wanawake wa rika lao wa kuoa. Mtu akikuambia idadi ya watu ipunguzwe kwa amri, mkatalie, na umtajie nchi hizo mbili.

Lakini usiache hoja hiyo ikufumbe macho kwa jirani yako. Uzazi wa haraka hauharibu hewa ya dunia, ila unaathiri kisima, darasa na mwili wa mama. Iran ilirudisha huduma ya uzazi wa mpango mwaka 1989, baada ya vita na Iraq, kwa idhini ya wanazuoni wake. Walitumia vituo vidogo vya afya vijijini, wahudumu waliotoka kijiji hichohicho, na mafunzo kwa wachumba kabla ya ndoa. Kwa takribani miaka 12 wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka kutoka zaidi ya 5 hadi kama 2. Wasichana wengi walikuwa wakisoma kipindi hichohicho, na hilo lilichangia sana. Hakuna mwanamke aliyeswagwa kwenye lori kupelekwa kufungwa uzazi.

Nina ekari sita mlimani, wana wanne. Wazee walitugawia ardhi, mimi nitawagawia nini? Nasikia watu wengi wanaweza hata kuboresha ardhi. Kweli? *Mkulima, Lushoto*

Mzee wetu, ni kweli ila kwa masharti, na ushahidi wake uko karibu na wewe: Machakos, Kenya. Mwaka 1937 ofisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika kwamba ardhi ya Wakamba inaelekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Wilaya ilikuwa na watu kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1989 walikuwa milioni 1.4. Watu karibu mara sita, na mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka, mavuno kwa ekari yamepanda. Mikono mingi ilichimba makinga maji, na mengi ni yale yanayoitwa fanya juu.

Kwa mlima wenu hivi ndivyo inavyofanywa. Kwanza pima usawa, usikadirie kwa macho. Funga miti miwili ya mita 2 iwe kama herufi A, weka mti wa tatu katikati kwa ulalo, na juu ning'iniza kamba yenye jiwe, ile timazi ya waashi. Simamisha miguu kwenye nukta mbili, weka alama kamba inapopita kwenye mti wa ulalo, kisha geuza miguu ibadilishane nukta na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Tembea nayo ukipigilia vigingi kila hatua, na mstari wa vigingi ndio mstari wa mfereji.

Chimba mfereji wa sentimita 60 upana na 60 kina. Udongo wote utupe upande wa juu, na acha ukingo wa sentimita 15 hadi 30 kati ya mfereji na tuta, la sivyo mvua ya kwanza inaurudisha udongo ndani. Juu ya tuta panda matete au majani ya guatemala, yashike udongo na yawe chakula cha ng'ombe. Kwenye mteremko wa asilimia 20, tuta hadi tuta ni kama mita 10. Mteremko ukizidi asilimia 50, au udongo ukiwa mfupi, usichimbe, panda miti. Ile miraba ya majani ambayo Wasambaa wanaijua tangu zamani nayo ni kinga nzuri, ila ikiachwa na mapengo haifanyi kazi.

Kinachoharibu kazi ni mambo matatu, na yote tunayaona mara kwa mara. Mstari usiokuwa sawa hukusanya maji mahali pamoja, tuta linapasuka, na korongo moja linameza kazi ya mwezi. Kukosa mfereji wa kukinga maji ya shamba la juu, la jirani, hufanya makinga yako yazidiwe. Na tuta lisilofanyiwa ukarabati kila baada ya mvua za masika hufa ndani ya misimu miwili au mitatu.

Sasa masharti. Machakos iko jirani na soko la Nairobi, ilikuwa na kahawa ya kuuza, watu wake walituma mshahara kutoka mjini, na baadhi walihamia ardhi iliyokuwa imefungwa wakati wa ukoloni. Wingi wa watu peke yake haukufanya kitu.

Na hesabu yenyewe ina ukomo. Ekari sita kwa wana wanne ni ekari moja na nusu kila mmoja. Kila mmoja akigawia wana watatu, ni nusu ekari. Mahindi ya kawaida Tanzania ni kama magunia 6 au 7 kwa ekari. Ukiweka makinga, samadi na mbegu bora ukavuna mara mbili, nusu ekari inakupa magunia 6 au 7. Familia ya watu sita hula karibu magunia sita ya kilo 100 kwa mwaka. Umelima vizuri sana, umekula, na hakuna gunia la kuuza kwa ajili ya ada. Ushauri wetu: shamba liboreshwe kwa makinga, lakini wajukuu wasitegemee mahindi. Kwenye baridi yenu panda mboga, matunda na viazi kwa soko la Tanga na Dar es Salaam. Na kabla ya kugawa, fikirini kuliacha shamba moja likiwa na hisa za wana wote, mmoja alime na wengine wapate fungu la mavuno. Andikeni makubaliano hayo, mashahidi wawepo, mabinti nao waandikwe.

Korea Kusini na Japani wanalia watu wanapungua. Basi si bora sisi tuendelee kuzaa tu? *Mwanafunzi wa chuo, Nairobi*

Korea Kusini mwaka 2023 ilikuwa na wastani wa watoto 0.72 kwa mwanamke, na shida yao ni ya kweli: wazee wengi, wanaofanya kazi wachache. Lakini tuko mbali na huko kuliko watu wanavyodhani. Zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania wana umri chini ya miaka 15. Hao ni wazazi wa kesho, tayari wamezaliwa. Hata kila mwanamke akizaa wawili tu kuanzia leo, idadi itaendelea kupanda kwa miongo kadhaa. China iliteremka chini ya kiwango cha kujirudisha, yaani watoto wanaotosha kuziba nafasi ya wazazi wao, kama 2.1, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na watu wake hawakuanza kupungua mpaka 2022. Hofu ya kupungua tuiweke akiba kwa wajukuu.

Kinachofaa kuulizwa kabla ya hapo ni hiki: uzazi ukishuka, kunakuja kipindi ambacho wenye umri wa kufanya kazi ni wengi kuliko watoto na wazee. Korea ilitumia kipindi hicho kujenga viwanda. Kama ajira hazipo, kipindi hicho kinapita na vijana wako kwenye bodaboda. Kenya inaingia humo sasa hivi.

Kwenye zahanati yetu akina mama wanaanza sindano za uzazi wa mpango, halafu miezi sita baadaye hawaonekani. Redioni nasikia tupunguze watu. Je, kazi yetu inapunguza chochote? *Muuguzi, Kigoma*

Dada, inapunguza, na ushahidi mzuri uko kwa jirani. Kenya ilianza mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, wa kwanza kusini mwa Sahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Uchunguzi wa 2022 ulikuta 3.4. Tanzania ilitoka juu kidogo ya 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 4.8 mwaka 2022, mjini chini ya 4 na vijijini zaidi ya 5. Na Kenya ilikwama katikati: kati ya 1998 na 2003 uzazi ulipanda kutoka 4.7 hadi 4.9. Fedha zilielekezwa kwenye UKIMWI, dawa za uzazi wa mpango zikaanza kukosekana kwenye rafu. Mama akifika mara mbili akakuta hakuna, mara ya tatu haji.

Lakini usiibebe kazi yako kama kazi ya kupunguza watu. Karibu mmoja kati ya wanawake watano walioolewa Tanzania anataka kupumzika au kukoma kuzaa, na hatumii njia yoyote. Wewe unamhudumia huyo kwa alichokitaka mwenyewe, na takwimu zitajifuata.

Kuhusu wanaopotea, sababu kubwa tunazozijua zinarekebishika kituoni. Ya kwanza ni damu. Sindano hubadilisha hedhi: inaweza kuja ovyo, kuwa matone ya kila siku, au kukoma kabisa. Mama aliyeambiwa kabla hustahimili. Aliyeshtukizwa huacha na kuwaambia wenzake. Sema siku ya kwanza, kwa maneno yasiyofichaficha, na mume akiwapo asikie.

Ya pili ni tarehe. Sindano ya miezi mitatu inaweza kurudiwa mama akichelewa mpaka wiki 4, bila kupimwa mimba wala kuambiwa arudi akiona hedhi. Tunajua wauguzi wanaowafukuza waliochelewa siku tano. Huyo aliyetembea saa mbili ukamrudisha, anaweza kushika mimba asiyoitaka. Anaweza pia kuja mapema mpaka wiki 2, kwa hiyo anayesafiri kwenda kuvua au kulima mbali mchome kabla hajaondoka.

Ya tatu ni hofu ya ugumba. Baada ya kuacha sindano, mimba huweza kuchukua miezi 9 au 10 tangu ile ya mwisho. Bila kuelezwa, familia husema sindano imemharibu. Anayepanga kushika mimba karibuni mshauri vidonge au kondomu. Anayenyonyesha bila kumpa mtoto hata maji analindwa na maziwa yake mwenyewe, mradi mtoto hajafika miezi 6 na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha siku hiyohiyo. Na kwa wote, ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya mimba nyingine.

Waume wanaozuia mara nyingi hawajawahi kuulizwa chochote. Neno la kupanga watoto linawafikia kama agizo la kuwakatalia uzao wao. Anza na mtoto aliyepo: uzito wake, kunyonya kwake, ada yake.

Na vijiti, vile vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kimoja hukaa miaka 3 au 5 kulingana na aina, na kwa mama anayeishi mbali ndiyo njia yenye usumbufu mdogo kuliko zote. Ila zahanati inayoweka vijiti lazima iwe na mtu anayejua kuvitoa, na kifaa cha kuvitolea, na itoe siku mama anapoomba, bila kumhoji. Mama mmoja aliyezungushwa wiki tatu akiomba kutolewa kijiti huwatia hofu majirani wote. Kama mtoaji hayupo kwenu, andika kwenye kadi yake jina la kituo cha karibu chenye huduma hiyo, siku ileile unapomwekea.